Dume Asiyehama

Ngassa Maige wa Nyabusalu hakuwa mtu wa kutishwa na majani yanayotikisika. Hata wanaosimulia habari zake leo kwa sauti ya chini hukiri jambo hilo kwanza, kabla ya mengine yote. Alikuwa mwindaji wa kazi ya mbung'o, na asubuhi ile ya Juni 1967 mambo yalipoanza ilikuwa asubuhi kama nyingine: mkewe Mbuke alikuwa akichemsha michembe ya viazi vitamu, baba yake mzee Maige ameketi ukutani anaota jua, na yeye mwenyewe anasafisha bunduki ya serikali kwa kipande cha kanga kuukuu.

Nyabusalu iko magharibi ya Katoro, na miaka ile ilikuwa nchi ya vichaka. Malale yalikuwa yameizika nusu ya kijiji. Serikali ikasema basi, mbung'o aondoke. Kazi yenyewe haikuwa na ufundi mwingi: mbung'o hunywa damu ya wanyama na hujificha kivulini, kwa hiyo ondoa mnyama, ondoa kivuli, mdudu atakufa mwenyewe. Wawindaji walipiga wanyama, na genge la Masele, wanaume thelathini wenye mashoka na mapanga, likafyeka vichaka.

Ila kulikuwa na sharti moja lisilovunjwa. Risasi kwanza, shoka baadaye. Kichaka chenye mnyama hakiguswi, maana ukikifyeka atakimbia na mbung'o mgongoni awapeleke mahali palipokwisha kusafishwa. Mwindaji alileta mkia wa mnyama wa mwisho kwa Stanslaus, kijana aliyetoka chuoni ambaye watu walimwita Bwana Mbung'o, naye akiuona mkia ndipo humwambia Masele aingie. Bila mkia, hakuna shoka.

Mwezi ule vilikuwa vimebaki vichaka vitatu: cha mlimani, cha mtoni, na kikubwa zaidi kilichokuwa hatua mia nne tu kutoka boma la Ngassa. Wote walijua kwamba humo kuna pongo, wale swala wa vichakani. Bwana Mbung'o alitaka kujua ni wangapi na wanakwenda wapi. Ngassa akachuchumaa, akachora mavumbini kwa kijiti.

Pongo jike, alisema, hukaa na mtoto wake mahali penye majani mabichi, na majani yakikauka anahama. Dume kijana hana kwao. Leo yuko mlimani, kesho mtoni, keshokutwa umsikie kijiji cha tatu anabweka kama mbwa. Huyo hukatiza hata mbuga tupu mchana kweupe. Dume wa makamo ana mzunguko wake, anaushika kama mchunga anavyoshika njia ya kisimani. Kisha Ngassa akachora duara dogo ndani ya duara kubwa.

"Na huyu ndiye mzee. Kila mwaka mzunguko wake unapungua. Mwishoni anabaki na kichaka kimoja, na ndani ya kichaka hicho kivuli kimoja. Huyu ukimkatia kichaka hahamii kingine. Hana nguvu ya kujifunza nchi mpya."

Stanslaus akauliza atafanya nini basi huyo mzee akikatiwa. Ngassa akajibu kwamba hajawahi kuona, kwa kuwa huwa wanampiga kabla.

Dume mzee wa Nyabusalu alikuwepo, na Ngassa alimjua kwa unyayo. Kwato yake ya mbele, mguu wa kushoto, ilikuwa na ufa uliopinda kuelekea nje. Alikuwa mweusi karibu wote, shingo imekatika manyoya, na alizunguka vichaka vyote vitatu kwa siku nne, bila kuzidisha wala kupunguza.

Wiki ya pili ya Juni kichaka cha mlimani kikafyekwa. Madume wawili vijana walikuwa wamekwisha kuvuka wakaenda zao, wakapigwa huko mbele. Majike walipigwa mtoni. Dume mzee hakwenda popote. Alipunguza tu mzunguko wake, ukawa wa siku mbili.

Juma hilohilo mzee Maige aliacha kwenda Katoro. Kwa miaka alikuwa akijikongoja kila mnada mpaka duka la Kamrudin kununua tumbaku, akipita njia ya mlimani, akirudi na porojo za kutosha wiki nzima. Mbuke alipomkumbusha kwamba ni siku ya mnada, mzee alisema njia ile siku hizi ina jua. Hakuna aliyejali. Mtu wa miaka sabini na ushee akisema jua ni kali, unamwongezea maji ya kunywa, basi.

Mwanzoni mwa Julai kikaondoka kichaka cha mtoni. Kesho yake mzee akaacha kwenda kwa rafiki yake ng'ambo ya mto, ambako alikuwa akinywa pombe ya mtama kila jioni tangu Ngassa akiwa mtoto. Rafiki akaja mwenyewe kuuliza kulikoni. Mzee alimjibu kwa upole kwamba upande ule hakuna tena mahali pa kujisitiri.

Neno lile lilimkaa Ngassa kichwani. Kujisitiri na nini? Alianza kumtazama baba yake kwa jicho la kazi, jambo ambalo mwana hapaswi kumfanyia mzazi. Akaona kwamba mzee hula alfajiri na jioni, mchana hagusi kitu. Akaona kwamba hasimami uwanjani, hupita ukutani. Akaona anageuza kichwa kuelekea njiani muda mrefu kabla mgeni hajatokea. Na asubuhi moja, mzee alipokuwa akinawa miguu, Ngassa akaona kidole gumba cha mguu wa kushoto, kile alichojikata kwa shoka zamani. Kovu lilikuwa limepinda kuelekea nje.

Akajiambia kwamba amechoka. Akachukua bunduki akaenda kazini.

Siku hiyo, saa sita mchana, aliingia kichaka cha mwisho kwa tumbo. Saa sita ndiyo saa ya dume mzee. Vijana huzurura, yeye hulala. Ngassa alitambaa taratibu, kiwiko baada ya kiwiko. Ndani kulikuwa na giza la kijani na harufu ya udongo mbichi. Ndege walinyamaza. Mbung'o walimtua shingoni, hakuwapiga. Akafika mahali ambapo majani yamefungamana kama paa, na chini yake akaliona lalio. Dume alikuwa amelala. Mweusi. Shingo imekatika manyoya.

Ngassa akaweka bunduki begani. Hatua kumi. Hata kipofu asingekosa.

Dume akageuza kichwa akamtazama, wala hakuinuka. Kisha akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kirefu chenye mkwaruzo mwishoni, kikohozi cha tumbaku. Ngassa alikuwa amekisikia kikohozi hicho kila alfajiri ya maisha yake. Mama yake alifariki yeye hajaota meno, na aliyembeba mgongoni, aliyemtafunia chakula na kumlaza kifuani ni baba yake, akikohoa hivyohivyo usiku kucha. Kidole kikalegea. Akarudi kinyumenyume mpaka nje, kisha akakimbia. Hakuona haya kukimbia.

Jioni alimkuta mzee ameketi ukutani. Ngassa akasalimia shikamoo, mzee akaitikia marahaba. Mbuke alikuwa jikoni anasonga ugali. Ndipo mzee akasema, bila kumtazama, kwa sauti isiyofika jikoni:

"Leo ulikaribia sana. Nilisikia pumzi yako."

Ngassa akasogea karibu. Akauliza kwa kunong'ona ni kitu gani hiki, baba.

Mzee alieleza kidogo tu. Alipokuwa kijana alimjeruhi pongo akamfuata, akapotea siku nne kiangazi bila maji. Alipokuwa anakata roho aliingia kichaka hiki hapa, akamkuta pongo wake amelala naye anakata roho. Kivuli kilikuwa cha kutosha mmoja. Wakalala pamoja. Asubuhi waliamka wote wawili, kila mmoja akaenda njia yake, na tangu siku hiyo, kila alikoweza kwenda huyu, na yule aliweza. Mzee alisema si uchawi, hakumroga mtu, wala hakupewa dawa na mtu. Ni makubaliano ya wagonjwa wawili.

"Usinipige, Ngassa," akamaliza. Mbuke akaleta maji ya kunawa.

Ngassa alimpenda baba yake kuliko kazi, kuliko serikali, na, tuseme ukweli, kuliko alivyowaonea huruma watu wa malale. Kitu kimoja tu kilimjaa akilini: mzee asife kwa mkono wake. Kwa siku tatu alitafuta njia, na siku ya nne akaiona, akajiona mjanja. Alitembea mpaka ng'ambo ya pili ya mlima, akapiga dume kijana aliyekuwa anazurura, akakata mkia, akausugua masizi ya chungu mpaka ukawa mweusi. Akamkabidhi Bwana Mbung'o, akasema ndiye huyo, mzee wa kichaka.

Stanslaus alifurahi, akampa mkono. Akauliza nyama ilikuwaje. Ngassa akasema ngumu. Walicheka pamoja. Kisha yule kijana akageuka akamwita Masele, akamwambia maneno aliyomwambia kila mara alipoona mkia:

"Kesho asubuhi ingieni."

Cheko likamkauka Ngassa mdomoni. Alikuwa ameogopa risasi tu. Mtu aliyeifanya kazi ile miaka minne, aliyekuwa akiwaeleza wengine sharti lake, alikuwa amesahau kwamba mkia hauondoi mnyama pekee, unaleta na shoka. Kumbe kwa wiki zote zile kilichokilinda kichaka ni uhai wa dume aliyemo. Akisema sasa kwamba dume yuko hai, ataletwa mwindaji mwingine kabla ya jua kuzama. Asiposema, mapanga. Alisimama pale akitafuta neno, na Bwana Mbung'o akadhani anasubiri kuruhusiwa aende, akamruhusu.

Jioni alimsihi mzee. Waondoke, akasema, alfajiri hii hii, waende Kishapu kwa dada yake Limi, huko kuna nyumba ya bati na ng'ombe wa kutosha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwuliza kwa upole kama hakumbuki alivyomchorea Bwana Mbung'o mavumbini. Ngassa hakuwa amemsimulia mtu yeyote nyumbani habari za mchoro ule.

Genge la Masele lilianza saa moja asubuhi. Kutoka bomani mashoka yalisikika vizuri, thelathini kwa pamoja, yakitangulia na kupokezana. Genge hukata kwa kuzunguka, kutoka nje kwenda ndani, ili kichaka kipungue pande zote. Ngassa alijua mpango huo tangu zamani na hakuwahi kuuona mbaya.

Mzee Maige alianza kutembea. Mwanzoni alizunguka boma zima, akiambaa na ua wa minyaa. Saa tatu alizunguka nyumba. Saa nne aliingia ndani, akawa anazunguka chumba, bega likikwaruza ukuta. Mbuke alimwomba akae, hakusikia. Macho yalikuwa yamemtoka. Saa tano alikuwa anazunguka kitanda.

Hapo Ngassa akavunjika. Alitoka mbio kuelekea kichakani akipiga kelele wasimamishe. Alipofika kulikuwa kumebaki kishada kimoja cha majani, kipana kama boma la mbuzi, na watu wamekizunguka. Alimshika Masele mkono akakiri yote: mkia ulikuwa wa uongo, dume yumo, mwacheni. Aliomba mbele ya wanaume thelathini huku machozi yanamtoka.

Masele alimtazama kwa mashaka. Akasema wamekata tangu asubuhi, watu bega kwa bega, na hakuna kilichotoka, hata sungura. Kama dume yumo basi atoke sasa, mapanga yapo. Na kabla Ngassa hajasema lingine, watu wa upande wa pili, ambao hawakuwa wamesikia kitu, wakaangusha kile kishada.

Jua likaingia. Hapakuwa na pongo. Palikuwa na lalio, udongo umesuguliwa ukalainika, na wote wakainama kutazama. Masele ndiye aliyerudi nyuma wa kwanza. Alama iliyokuwa pale ardhini ilikuwa ya mtu aliyelala kwa ubavu: bega, kiwiko, nyonga, na vidole vitano vya mguu.

Waliokota mashoka yao wakaondoka, na wawili hawakurudi tena kazini.

Nyumbani Mbuke alikuwa mlangoni. Akasema mzee alikuwa amefika mahali pa kujizungusha papo hapo, hatua kwa hatua. Ghafla akatulia. Akatoka nje kwenye jua kali, bila kofia, bila fimbo. Mbuke alipouliza unakwenda wapi, baba, alimjibu vizuri kabisa, kama mtu mwenye akili zake:

"Nakwenda kivulini."

Nyayo zilikuwa wazi. Ngassa alizifuata. Ziliingia katika eneo lililofyekwa, fupifupi, za mtu mzee. Ziliyapita mashina. Zilikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya uwanda mtupu, mahali ambapo hapakuwa na hata jani la kuficha panzi. Hapo zikazunguka mara moja, duara la ukubwa wa ungo. Zikaishia.

Hazikutoka. Ngassa alipiga magoti akatafuta mpaka jioni, akaongeza watu, wakatafuta siku sita. Walichimba. Walipeleka habari mpaka Ibadakuli, kule wasikomjua hata mtu mmoja. Kazi ya mbung'o ikahama, Bwana Mbung'o akahama nayo, na wachunga kutoka Kishapu wakaja na ng'ombe wao kama serikali ilivyopanga. Ng'ombe walilisha uwanda mzima, wakaacha mahali pamoja pale katikati.

Ngassa hakulia msiba, maana hapakuwa na maiti. Ila mwezi Oktoba, jua likiwa la utosi, Mbuke aligundua kwamba kila siku saa nne mumewe huchukua shuka na kwenda mahali pale. Alimfuata kwa mbali. Alimwona amesimama katikati ya uwanda, ameitandaza shuka juu ya kichwa kwa mikono miwili, hatikisiki. Alikuwa anatengeneza kivuli. Mbuke alilia, akidhani ni huzuni tu, akamwacha. Alimhurumia sana.

Siku zilivyokwenda akaacha kumwona akibeba shuka. Akaacha pia kumwona akienda mbali. Katoro hakuenda tena. Halafu mtoni hakuenda. Alizunguka boma tu, akiambaa na ua, na asubuhi Mbuke alipofagia uwanja alikuta kwamba popote mumewe aliposimama kwa muda, vumbi limelala, limelainika, kwa umbo la kivuli chake. Alilifagia bila kuuliza. Alizoea kutembea upande wa jua.

Mwisho ilifika siku ambayo Ngassa hakurudi kula. Mbuke akaenda uwandani, akamkuta amesimama wima, mikono ubavuni, jua limemsimamia utosini. Saa sita kamili. Kivuli chake chote kilikuwa kimeingia chini yake, kimebaki duara dogo kuzunguka miguu. Mbuke akamwita waende nyumbani. Ngassa hakuinua macho.

"Subiri jua lipinduke," alinong'ona. "Amenilalia miguu."

Mbuke alisimama hatua tano mbali naye na hakuthubutu kusogea. Kulikuwa kimya. Hapakuwa na upepo. Akasikia kikohozi, kirefu, chenye mkwaruzo mwishoni, na midomo ya mumewe ilikuwa imefungwa.

Jua likapinduka. Kivuli kikatoka polepole upande wa mashariki, na Ngassa akavuta pumzi, akainua mguu mmoja, kisha wa pili, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake. Mbuke akatazama miguu ile. Vumbi lilikuwa limempanda mumewe mpaka magotini, jeupe, la kiangazi kizima. Lakini juu ya nyayo zote mbili lilikuwa limefutika kabisa, na ngozi hapo ilikuwa na unyevunyevu.